Sura ya Saba: Gemu ya Nani?

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi magari ya watalii huwa yameshajipanga mbele ya geti la Lodoare, mlango wa kuingilia Ngorongoro kwa mtu anayetokea Karatu. Ukungu wa msitu unakuwa bado haujainuka. Madereva wanashuka na vibali mkononi, wageni wanabaki ndani wamejifunika mashuka ya kimasai waliyonunua Mto wa Mbu. Muulize dereva yeyote pale anakwenda kufanya nini, jibu ni lilelile: anakwenda gemu draivu.

Jioni ya siku hiyohiyo, Karatu mjini, kijana kwenye kibanda cha miamala ya simu anacheza gemu huku akisubiri mteja. Wenzake wanabishana juu ya gemu ya Simba na Yanga. Redioni msanii anahojiwa, anasema amerudi kwenye gemu, na kila msikilizaji anaelewa kuwa amerudi kwenye muziki. Ukitoka mjini ukaelekea vijiji vinavyopakana na msitu, mzee anakueleza jinsi tembo walivyoingia kwenye mahindi usiku, na kwamba watu wa gemu walifika asubuhi, mahindi yameshakwisha. Watu wa gemu ni askari wa wanyamapori.

Neno ni moja, na wasemaji wake wote ni watu wa wilaya moja. Nimelipa sura nzima katika kitabu hiki kwa sababu naamini kwamba katika nchi hii ya Karatu na Ngorongoro, maana zake zimeamua mambo mazito: nani ale nyama, nani alishe ng'ombe, nani aende jela.

Tuanzie lilikozaliwa. Katika Kiingereza cha kale lilitamkwa "gamen", na maana yake ilikuwa furaha, burudani, kujichangamsha. Wanaisimu wanalihusisha na neno la Kigothi, "gaman", lililomaanisha ushirika, watu kuwa pamoja. Hakukuwa na mnyama ndani yake hata mmoja. Mnyama aliingia baadaye, katika Zama za Kati, kupitia burudani ya wakubwa. Mabwana wa Uingereza walihesabu uwindaji kuwa ndiyo burudani yenyewe, na kufikia karne ya 13 na ya 14 jina la burudani lilikuwa limeshahamia kwa yule anayekimbizwa. Paa, sungura na kwale wakaitwa kwa jina la raha wanayompa mwindaji.

Mtu anaweza kusema maneno huhama hivyo siku zote, na ni kweli. Ila hili lilihama likiwa limebeba tabaka mgongoni. Mwaka 1671 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosema kwamba wa kuwinda wanyama hao ni mtu mwenye ardhi inayomwingizia pauni 100 kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa kawaida hakukiona maisha yake yote. Mkulima aliyemkamata sungura akila kabichi zake, shambani kwake, alikuwa mkosaji. Mwaka 1723 ikaja sheria nyingine: aliyekutwa akiwinda paa kwenye misitu ya wakubwa huku amejipaka masizi usoni asitambulike, adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Kwa hiyo neno lilipopanda meli kuja Afrika Mashariki lilikuwa limeshajifunza kazi yake huko kwao. Lilimtenganisha anayewinda kwa raha na anayewinda kwa njaa, na aliyelindwa na sheria ni yule wa kwanza.

Huku kwetu Mjerumani alitangulia. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa koloni zima. Kuanzia hapo kuwinda kukahitaji leseni ya kulipia, kwa mgeni na kwa mwenyeji, na maeneo ya kwanza ya akiba yakatengwa. Miaka michache baadaye ndugu wawili Wajerumani, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walianzisha mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro. Walifuga ng'ombe mlemle nyumbu wanamolisha, na nyumbu wakawa kero kwao. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa. Mwingereza alipokuja, Sir Charles Ross, mwenye asili ya Uskoti na mtengenezaji wa bunduki, alijipatia ardhi ndani ya kreta na kufika na wenzake kuwinda. Mwaka 1921 ikapita sheria ya kuhifadhi wanyama iliyolazimisha vibali nchi nzima. Mwaka 1928 uwindaji ukapigwa marufuku ndani ya ukingo wa kreta, isipokuwa kwenye yale yaliyokuwa mashamba ya akina Siedentopf. Ukitazama tarehe hizi kwa mpangilio unaona kwamba katika kreta hiyo mnyama alipita mikononi mwa mkulima, kisha mwindaji, kisha serikali, kwa muda usiofika miaka 30.

Idara iliyosimamia sheria hizo iliundwa mara tu baada ya vita, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Charles Swynnerton, aliyeteuliwa mwaka 1919. Wananchi walipomwona ofisa wa idara hiyo akipita na bunduki na wapagazi, hawakuhangaika kutafuta tafsiri ya cheo chake. Walimwita Bwana Nyama.

Jina hilo linafaa kutazamwa kwa karibu. Katika lugha za Kibantu, kuanzia pwani ya Bahari ya Hindi hadi Kongo, mzizi wa mnyama na mzizi wa nyama ni uleule. Msemaji wa kale wa Kiswahili aliweza kusema "nyama wa porini" akimaanisha swala aliye hai anakula majani, na kusema "nyama" akimaanisha kitoweo. Kiswahili cha leo kimewatenganisha kwa kiambishi, lakini ukoo wao unaonekana wazi. Mwingereza alipomwangalia pofu akiwa mbugani, lugha yake ilimwonyesha mchezo. Mbantu alipomwangalia pofu huyohuyo, lugha yake ilimwonyesha chakula. Katika hayo mawili simwoni aliye karibu zaidi na uhifadhi. Ninachokiona ni kwamba sheria iliandikwa na mmoja, ikatekelezwa juu ya mwingine, na neno la pili halikuingia kwenye kitabu cha sheria kabisa. Liliishia kuwa jina la utani la ofisa.

Pale kati palikuwa na Mmaasai, ambaye hakufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Kwa desturi ya Wamaasai, kula nyama ya porini ni aibu. Mtu anayeishi kwa kuwinda huitwa Ndorobo, jina lililobeba maana ya asiye na ng'ombe, maskini. Ndiyo maana wahifadhi wa kikoloni waliweza kuwavumilia Wamaasai kukaa pamoja na wanyama: hawakuwa washindani wa mwindaji. Mwaka 1959, Serengeti ilipobaki hifadhi ya taifa isiyo na wakazi, Ngorongoro ikatengwa kwa sheria yake yenyewe, kilomita za mraba 8,292, mfugaji na mnyama wakae pamoja. Mambo mengi yamebadilika tangu hapo, na kuanzia mwaka 2022 maelfu ya wakazi wa Ngorongoro wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Hilo lina sura yake mbele.

Turudi kwenye maneno. Aliyewinda bila kibali alihitaji kupewa jina, na Kiswahili kikalipata kwa Wahindi: jangili. Kwa asili neno hilo linamtaja mtu au kitu cha porini, na lina asili moja na "jungle", neno ambalo Waingereza nao walilichukua kuelezea msitu mnene. Mtu wa porini akageuka kuwa mhalifu porini. Ujangili ni neno kali, na mara nyingi linastahili ukali wake. Tembo na faru waliouawa kwa bunduki za kivita katika miaka ya 1970 na 1980 waliuawa na majangili wa kweli, na kreta ya Ngorongoro ilibakiwa na faru wachache sana. Sina huruma na biashara ile. Lakini neno lilelile moja linambeba mfanyabiashara wa pembe na linambeba baba aliyetega kitanzi akapata digidigi wa watoto wake. Hapo ndipo ninapoona lugha ya sheria inashindwa kazi.

Na kuna neno zito kuliko jangili, ambalo kila msomaji wa magazeti yetu analijua: nyara za serikali. Kiingereza kina neno moja kwa kombe la mshindi wa mpira na kichwa cha nyati kinachotundikwa ukutani. Kombe na kichwa vyote ni kumbukumbu ya ushindi, kwa hiyo mantiki ya mchezo haijakatika. Mfasiri wa sheria zetu alipofika hapo akachagua "nyara", neno letu la kale la vita, mali inayotekwa kwa adui. Katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, nyara ni mnyama mzima, awe hai au amekufa, na ni pembe, jino, mfupa, kwato, ngozi, nywele, unyoya, yai, na nyama pia. Kipande cha nyama ya pundamilia kikichemka kwenye sufuria ni nyara ya serikali.

Mwaka 2023 nchi ilishtuka iliposikia kwamba mwanamke mmoja wa Iringa amehukumiwa kifungo cha miaka 22 kwa kukutwa na vipande vya nyama ya swala. Alikata rufaa na Mahakama Kuu ikamwachia huru. Waliojadili kesi ile walizungumzia zaidi ukubwa wa adhabu. Mimi nilibaki kwenye neno. Mama yule angeshtakiwa kwa kula nyama isiyo na kibali, kila mtu sokoni angeelewa kosa na kulipima. Alishtakiwa kwa nyara, kama askari aliyeteka mali vitani. Ni haki kuongeza kwamba serikali yenyewe imeanza kulegeza uzi huu: mwaka 2020 zilitoka kanuni zinazoruhusu nyamapori kuuzwa kihalali kwenye mabucha yenye leseni. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Mtanzania wa kawaida anaweza kumnunua Bwana Nyama kwa kilo.

Kusini-magharibi mwa wilaya ya Karatu, bonde la Ziwa Eyasi, ndiko ninakotaka msomaji akae kidogo. Barabara inashuka kutoka mashamba ya kahawa na ngano ya Oldeani hadi Mang'ola, kwenye joto, vumbi na vitunguu. Mang'ola ni vitunguu: mifereji ya maji, magunia, malori yanayosubiri. Katika vichaka vinavyozidi kupungua kuzunguka ziwa wanaishi Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei, na baadhi yao bado wanapata chakula kwa upinde, mizizi, matunda na asali.

Hapo maana mbili za neno letu, mchezo na windo, zinakutana kwenye kitu kimoja, nacho ni mshale. Wanaume wa Kihadzabe wana mchezo wao wa kamari unaoitwa lukuchuko. Wanakaa chini ya mti, mara nyingi mbuyu, na kila mchezaji ana kipande chake cha gome la mti. Vipande vinakusanywa mkononi pamoja na kimoja kilicho kikubwa kuliko vingine, vinarushwa kwa mpigo mmoja vikagonge shina, na mshindi anajulikana kwa jinsi vilivyoangukia, upande wa nje wa gome au upande wa ndani. Mikono inakwenda haraka, mabishano ni mengi. Wanaweza kucheza tangu jua la asubuhi hadi kivuli kiuhame mti.

Wanachoweka dau ni vitu vya mkononi: visu, viko vya mawe vya kuvutia tumbaku, shanga, nguo, na hasa mishale ya sumu. Mshale huo una kazi nyingi ndani yake. Ncha ya chuma hufuliwa na wahunzi wa Kidatoga, mara nyingi kutokana na misumari, na Mhadzabe huilipia kwa asali au nyama. Sumu inachemshwa kutoka utomvu wa mmea mpaka ishike kama lami, kisha inapakwa shingoni mwa ncha na kufungwa kwa ngozi isikauke. Mtu aliyetengeneza mshale huo wiki nzima anaweza kuupoteza kwa mrusho mmoja wa gome.

Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kitu ambacho wengi walipita bila kukiona. Kamari hii ilizuia mtu yeyote asikusanye mali. Mwenye mishale mizuri leo, kesho hana. Vitu vilivyopatikana upande mmoja tu wa nchi yao, mawe ya viko kwa mfano, vilisambaa upande mwingine kwa njia ya mchezo, bila biashara na bila deni. Na mchezo ulikuwa na mpaka. Upinde haukuwekwa dau. Mishale isiyo na sumu, ya ndege na wanyama wadogo, haikuwekwa dau. Mfuko wa ngozi haukuwekwa dau. Aliyepoteza vyote vingine bado aliamka asubuhi akiwa na uwezo wa kutafuta chakula.

Ninaurudia mpaka huo kila ninapofikiria sheria za wanyamapori, kwa sababu sijauona ndani yake. Wahadzabe walijua kwamba chombo kinachompa mtu chakula hakichezewi, hata wapenzi wakubwa wa kamari walikubaliana hivyo. Upinde ulibaki nje ya mchezo. Leo kinachowanyima nyama zaidi ya askari ni mashamba na mifugo inayoingia kwenye vichaka vyao, na watalii wanaofika alfajiri kuwafuata porini kwa malipo. Uwindaji wao, uliokuwa kazi, umekuwa burudani ya mtazamaji. Neno la Kiingereza limewafikia mpaka chini ya mbuyu.

Kutoka bonde hilo tupande tena juu, maana Karatu ina dai lake la fahari katika maana nyingine ya neno hili, maana yake ya wingi. Waingereza wanaposema neno hilo kwa wingi na herufi kubwa, wanazungumzia michezo ya mataifa. Mwaka 1953 alizaliwa Karatu mtoto wa Kiiraqw aliyeitwa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele tangu mlio wa bastola. Wakimbiaji wa mbio hizo walizoea kujificha nyuma, kusomana, na kufyatuka mzunguko wa mwisho. Bayi hakusubiri. Alifungua pengo kubwa, na alipoingia mita za mwisho John Walker wa New Zealand alikuwa anamkaribia mbele ya watu wa kwao wakipiga kelele. Hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, Walker 3:32.5, na wote wawili walikuwa chini ya rekodi ya dunia iliyowekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaica, Bayi akavunja na rekodi ya maili moja.

Miaka miwili baada ya Christchurch dunia ilingoja wakutane tena kwenye Olimpiki ya Montreal. Tanzania na nchi nyingi za Afrika hazikushiriki, kwa kuwa New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu na bado ikaruhusiwa kushindana. Walker alichukua dhahabu bila Bayi. Wapo waliosema siasa isiingizwe michezoni. Mwalimu Nyerere na viongozi wenzake waliona kwamba kucheza na wanaocheza na makaburu ni kuwahalalisha makaburu, na nadhani waliona sawa, ingawa kijana wa Karatu ndiye aliyelipa. Alipata medali ya fedha miaka minne baadaye huko Moscow, katika mbio za kuruka viunzi na maji.

Nimemleta Bayi hapa kwa sababu nyingine pia. Mwaka ule wa 1974 aliposhinda Christchurch, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 12. Ndani ya sheria ile kulikuwa na aina ya eneo iliyorithiwa kutoka kwa Mwingereza, ambalo jina lake la Kiingereza lilianza na neno letu. Ukilifungua jina hilo, linasema ni eneo ambalo uwindaji umewekewa udhibiti. Kinachodhibitiwa ni windo. Na ndivyo sheria ya 1974 ilivyofanya kazi: ndani ya eneo hilo hukuruhusiwa kuwinda bila kibali, lakini uliruhusiwa kukaa, kulima, kuchunga, kujenga shule. Sehemu kubwa ya tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, takriban kilomita za mraba 4,000, ilikuwa eneo la namna hiyo, na ndani yake vilisajiliwa vijiji kwa mujibu wa sheria. Hakukuwa na mgongano, kwa kuwa windo lilikuwa la serikali na ardhi ilikuwa ya kijiji.

Kwa Kiswahili eneo hilo likaitwa Pori Tengefu. Lisome polepole. Windo halimo tena. Udhibiti haumo. Kilichobaki ni pori, na pori hilo limetengwa. Mtu anayelisoma jina la Kiswahili peke yake ataamini kwamba hapo ni mahali palipowekwa kando na watu, na akikuta boma la Mmaasai na ng'ombe 200 ndani yake ataona uvamizi. Sisemi mfasiri alikuwa na nia mbaya. Alihitaji jina fupi, akalipata lenye sauti nzuri. Lakini kwa miaka 35 nchi hii ilitumia majina mawili kwa eneo moja, la Kiingereza likitaja mnyama na la Kiswahili likitaja ardhi.

Mwaka 2009 sheria ikahamia upande wa Kiswahili. Sheria mpya ilipiga marufuku kilimo na ufugaji ndani ya mapori tengefu, isipokuwa kwa kibali cha maandishi. Walioitunga walijua kwamba vijiji vimo ndani, kwa sababu kifungu cha 16 kinamtaka waziri apitie upya maeneo hayo na kuhakikisha kuwa ardhi ya kijiji haimo ndani ya pori tengefu. Agizo hilo lingetekelezwa mapema, kijiji kwa kijiji, kwa ramani iliyobandikwa kwenye mti wa mkutano, naamini mengi ya Loliondo yasingetokea. Tangu mwaka 1992 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilikuwa na kitalu huko, kwa hiyo hata ile maana ya kale kabisa ya neno, raha ya wakubwa, ilikuwapo uwanjani. Juni 2022 serikali ilitenga kilomita za mraba 1,500 kati ya zile 4,000 na kuweka vigingi. Zikazuka vurugu. Askari polisi mmoja alipoteza maisha, wakazi walijeruhiwa, na familia nyingi zilivuka mpaka kwenda Kenya. Baadaye mwaka huohuo eneo hilo likapandishwa kuwa Pori la Akiba la Pololeti, ambamo kuchunga hakuruhusiwi kabisa.

Upo upande wa serikali, nao una uzito. Eneo lile ni mapito ya nyumbu wa Serengeti na chanzo cha maji, na mifugo imeongezeka. Mwenye kutaka nyumbu wafike Mara na kurudi lazima afikirie malisho na maji hayo. Hoja yangu ni nyembamba kuliko mgogoro wenyewe. Mfugaji aliyeambiwa mwaka 1974 kwamba kilichodhibitiwa ni uwindaji, naye hali nyama ya porini, alikuwa na haki ya kuamini kwamba sheria ile haimgusi. Aliishi ndani ya neno hilo maisha yake yote kabla halijabadilishwa maana juu ya kichwa chake.

Mwaka 2021 Bunge liliamua kwamba lugha ya sheria za Tanzania iwe Kiswahili, na kazi ya kutafsiri sheria zetu imeendelea tangu hapo. Ni moja ya kazi kubwa zaidi ambazo Kiswahili kimepewa katika historia yake. Nawaomba wanaoifanya, wanasheria na wataalamu wa lugha, wasiridhike na jina linalosikika vizuri. Wakifika kwenye nyara, waandike nyama pale inapokusudiwa nyama. Wakifika kwenye pori tengefu, waandike kinachokatazwa: kuwinda, kulima, kuchunga, au kuishi. Kisha rasimu ipelekwe Mang'ola, Endulen na Loliondo ikasomwe kwa sauti mkutanoni kabla haijapigwa muhuri, na wenyeji waulizwe wamesikia nini.